Tumeshinda, Wamefungwa

Ujumbe wa Jumapili, 31 Agosti 2025
Andiko: Matendo ya Mitume 14:8-20

Mwezi huu wote nimekuwa nikisikiliza vile tunavyoongea, sokoni, stendi ya boda boda, na hata hapa nje ya kanisa tukisalimiana. Tumeongea mpira. CHAN ilikuja nyumbani, Kenya, Uganda na Tanzania tukiwa wenyeji pamoja, na hata akina mama ambao ofsaidi hawaijui walimjua Ryan Ogam.

Sasa sikia. Tarehe 3 tulicheza na Kongo, Austin Odhiambo akafunga, na Kegonga nzima ikasema, "Tumeshinda." Tarehe 7 ikawa 1-1 na Angola: "Tumetoka droo." Tarehe 10 ikaja Moroko. Tulibaki wachezaji kumi uwanjani na bado tukalinda lile bao moja la Ogam mpaka kipenga cha mwisho. Jioni hiyo nikamsikia mzee mmoja wetu, mzee ambaye Nairobi hajawahi kukanyaga, anasema, "Tumewaonyesha!" Wewe na nani, mzee? Lakini hakuna aliyemuuliza, maana sote tulikuwa tumewaonyesha. Tarehe 17 Zambia, Ogam tena, 1-0. Tukaongoza kundi.

Halafu Ijumaa tarehe 22. Robo fainali, Madagaska, pale Kasarani. Dakika ya 48 beki wetu Alphonce Omija akaruka, akapiga kichwa, bao. Kwa banda la mechi watu walikumbatiana, hata wale wenye kesi ya mpaka wa shamba. Haikupita nusu saa, mpira ukamgusa mkono Omija huyo huyo ndani ya boksi. Penalti. 1-1. Muda wa nyongeza ukaisha bila mshindi, zikapigwa penalti, Madagaska wakapita 4-3.

Na watu walipokuwa wakitoka nje, nikasikia maneno mapya. "Wamefungwa." "Wametuangusha." "Hao vijana hawana akili." Wiki tatu nzima ilikuwa tu, tu, tu. Tumeshinda, tumeongoza, tumewaonyesha. Usiku mmoja ikawa wa. Wachezaji ni wale wale, kocha Benni McCarthy ni yule yule, jezi ni ile ile. Kilichobadilika ni silabi moja kwenye midomo yetu.

Sisi wa huku mpakani tuna dawa yetu ya haraka. Kenya ilipoanguka, wengine walihamia Taifa Stars kabla hata ya kula. Si vibaya, Wakuria tuko pande zote mbili, mtu ana shangazi Tarime, ana haki yake. Lakini usiku huo huo Tanzania nao walifungwa 1-0 na Moroko kule Dar es Salaam, na wale waliohama wakasema, "Hao Watanzania nao!" Kesho yake Uganda wakafungwa 1-0 na Senegali. Wenyeji watatu, siku mbili, wote nje. Hakukuwa na pa kuhamia tena. Jana Moroko wamebeba kombe kwa kuwafunga Madagaska 3-2, na hapa Kegonga waliojali ni wachache.

Nisieleweke vibaya. Kuna mtu amekuja leo akitumaini mchungaji msaidizi atapiga mpira marufuku. Sitapiga. Kesha letu la tarehe 22 lilianza saa tatu usiku, na ndugu wengi walikuja moja kwa moja kutoka kwa mechi, sura zimekunjamana, na waliomba kuliko Ijumaa nyingine yoyote ya mwaka huu. Mimi mwenyewe nilikuwa bandani. Ninachotaka tuangalie ni hiyo silabi, kwa sababu haikai kwa mpira peke yake. Fungua Matendo 14.

Paulo na Barnaba wamefika Listra. Kuna mtu pale, kiwete tangu tumboni mwa mama yake, hajawahi kutembea hata siku moja. Anamsikiliza Paulo akihubiri. Paulo anamkazia macho, anaona imani, anamwamuru asimame, na mtu anaruka na kutembea. Umati unalipuka. Wanapaza sauti kwa Kilikaonia, lugha ya kwao, kwamba miungu imeshuka katika umbo la wanadamu. Barnaba wanamwita Zeu. Paulo, kwa sababu yeye ndiye msemaji mkuu, wanamwita Herme. Kuhani wa Zeu analeta mafahali na mashada ya maua mpaka langoni.

Mafahali, ndugu zangu. Sisi hapa tunajua ng'ombe ni nini. Hakuna mtu hapa Kuria anayekutolea fahali kwa mzaha. Kwa hiyo wale watu walimaanisha.

Mitume wanararua mavazi yao, wanakimbia katikati ya umati wakisema, sisi ni watu kama ninyi. Na Luka anaandika kwamba hata baada ya kusema hivyo waliwazuia kwa shida. Mtu akishaamua wewe ni mungu wake, ni kazi kumwambia hapana. Halafu mstari wa 19. Wanafika watu kutoka Antiokia na Ikonio. Wametembea, wengine siku kadhaa kwa miguu, kuja kueleza watu wa Listra wamwoneje mtu waliyemwona kwa macho yao wenyewe. Hao ndio wachambuzi. Wanaongea kidogo tu, na umati ule ule unaokota mawe. Wanampiga Paulo, wanamburuta nje ya mji, wanadhani amekufa.

Luka hasemi ilichukua siku ngapi, lakini anaziweka habari hizi mbili zikifuatana, fahali kisha mawe, na katikati hakuna kosa lolote la Paulo linalotajwa. Omija angalau mpira ulimgusa mkono. Paulo alikuwa amefanya nini?

Nenda Matendo 28 uone jambo hilo likigeuzwa. Paulo yuko kisiwani Malta, anaokota kuni, nyoka anamshika mkono. Wenyeji wanasema huyu lazima ni muuaji. Wanangoja avimbe, wanangoja aanguke. Hakuvimba. Basi wanabadili mawazo na kusema ni mungu. Listra alianza kuwa mungu akaishia na mawe, Malta alianza kuwa muuaji akaishia kuwa mungu, na Paulo ni mmoja. Wala Listra wala Malta hakuna aliyeuliza yeye ni nani hasa. Shabiki haulizi hilo. Shabiki anauliza umenifanyia nini leo.

Hebu niseme kidogo kuhusu runinga, maana inatufundisha bila sisi kujua. Ule mkono wa Omija, tuliuona mara ngapi? Wakaurudia kutoka upande huu, upande ule, polepole, mpira unamgusa, unamgusa tena. Bao lake nalo lilirudiwa, lakini ukimuuliza mtu leo anakumbuka nini, atakuonyesha kwa mkono wake. Silaumu watangazaji. Nilisoma biashara chuoni kabla ya wito, na najua kinachouzwa ni macho yetu. Mtu mwenye hasira habadilishi stesheni. Lakini sisi tumezoea, na sasa tunafanyiana hivyo nyumbani. Mume alipoteza pesa za tumbaku miaka minne iliyopita, na kila mkigombana mke anarudisha ile picha, kutoka upande huu, upande ule, polepole. Baba naye anamrudishia mtoto yale matokeo yake kila mgeni akija. Paulo anawaambia Wakorintho, 1 Wakorintho 13:5, kwamba upendo hauweki daftari la mabaya. Nyumba nyingine hapa haina hata haja ya daftari. Ina marudio.

Sasa linganisha na ule mchezo wa Maria, wa Citizen, uliokuwa ukionyeshwa kuanzia 2019 mpaka 2021. Msijifanye hamkuuona. Kuna nyumba hapa ugali ulipoa ukingoja Maria aishe. Binti ametoka mtaa wa mabanda, mdomo mkali, ngumi ziko karibu, Yasmin Said aliigiza mpaka tukasahau ni maigizo. Angekuwa binti wa jirani yako wa kweli ungemwambia mwanao, "Huyo usimkaribie." Lakini tulimtetea. Akikosea tulisema, "Mwacheni, ni maisha." Dada mmoja hapa aliniambia alikuwa akimwombea Luwi amwoe Maria. Anamwombea mtu wa runinga! Nilicheka, halafu nikafikiri. Kwa nini Maria alipata neema ambayo binti wa jirani hapati?

Kwa sababu tulimfuata tangu mwanzo. Tulijua alikotoka, tulimwona akilia wakati wahusika wengine hawamwoni. Kosa lake la leo tulilipima na jana yake yote. Binti wa jirani tumeona kipande kimoja tu, tena tumesimuliwa na mtu aliyesimuliwa.

Daudi katika Zaburi 139 anasema Mungu anajua kuketi kwake na kuondoka kwake, na kwamba alimwona hata kabla hajakamilika tumboni. Mungu hajaruka siku yako hata moja. Ndiyo maana ripoti yake hutushangaza. Soma Waebrania 11 usiku wa leo kama mtu anayesikiliza uchambuzi baada ya mechi. Sara, tunajua alicheka aliposikia atazaa. Waebrania inasema alipokea nguvu kwa imani, na kicheko hakitajwi. Abrahamu alidanganya Misri kuhusu mke wake; hakitajwi. Samsoni, pamoja na mambo yake yote ya wanawake, jina lake limo. Sitaki kusema Biblia inaficha dhambi, hapana, ukitaka hayo yote yameandikwa kule Mwanzo na Waamuzi, wazi kabisa. Lakini yule aliyeona yote, alipotoa hesabu ya mwisho ya watu wake, hakuitoa kwa kurudia ule mkono.

Nirudi kwenye tu na wa. Chuoni tulifundishwa tofauti ya mtu mwenye hisa katika kampuni na mtu aliye mbia. Mwenye hisa, kampuni ikianza kuyumba, anauza hisa zake anaenda zake, na deni la kampuni halimfuati nyumbani. Lakini watu wawili wakianzisha biashara kwa ubia wa kawaida, hasara ikija inawahusu wote wawili, na mwenye deni anaweza kufika mpaka kwa mali yao wenyewe. Shabiki ana hisa. Bei ikipanda yuko, ikishuka ameuza. Sasa angalia Luka 5:10, pale Yakobo na Yohana wanapoitwa washirika wa Simoni katika uvuvi. Neno hilo ni la biashara, la mashua na nyavu, na linatoka katika shina lile lile la neno ambalo Agano Jipya linatumia kwa ushirika wa kanisa. Kwa hiyo ukisema, "Mimi ni mshirika wa kanisa hili," umesema neno zito kuliko unavyofikiri. Hasara ya mwenzako inaweza kufika kwako nyumbani.

Danieli alilijua hili. Danieli 9. Huyu ni mtu ambaye maadui walimchunguza wakakosa kosa. Israeli wako uhamishoni kwa sababu ya dhambi za wafalme na baba zao. Angeweza kuomba, "Bwana, wamekosa." Ingekuwa kweli. Lakini soma ile sala yote, anasema tumekosa, tumeasi, hatukusikiliza. Mtu asiye na kosa anasimama upande wa waliofungwa na kutumia tu.

Na Yesu? Nenda Yordani, Mathayo 3. Watu wamepanga foleni kubatizwa kwa sababu ya dhambi zao. Mtoza ushuru yuko, askari yuko, na Yesu anaingia kwenye foleni hiyo. Yohana anakataa, na ana haki ya kukataa, maana huyu hana cha kutubia. Yesu anamwambia kubali. Waebrania 2:11 inasema haoni haya kutuita ndugu zake. Warumi 5:8, alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi. Yaani dakika ya mwisho, tumeshafungwa, uwanja umebaki mtupu, ndipo yeye anavaa jezi yetu. Ameni? Wengine hapa mmesema ameni nyepesi. Jezi ya timu iliyofungwa, kuna anayeivaa Jumatatu asubuhi?

Kuna jambo sikupenda kulitaja lakini nitalitaja. Mwezi wa Mei 2009 Manchester United waliifunga Arsenal 3-1 kule London, nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Usiku huo Nairobi kijana mmoja wa Kikenya, shabiki wa Arsenal, alijitoa uhai. Magazeti ya hapa na ya nje yaliandika, na watu wengi walifanya utani. Mpaka leo utani huo unasikika Arsenal wakifungwa. Naomba kanisani kwetu usisikike tena. Mtu alikufa, mama yake alizika. Na hapa kati yetu kuna vijana waliofungwa si kwa mpira, na hakuna anayewaambia "tumefungwa." Kama ni wewe, usirudi nyumbani leo kabla hujaongea na mimi au na mzee yeyote wa kanisa. Hata kama ni saa nane usiku, gonga mlango.

Maana tuseme ukweli, Listra iko hapa. Kijana alipata kazi mjini, akawa anatuma pesa, akaja na begi la zawadi, tukampa kiti cha mbele na kipaza sauti asalimie kanisa. Kazi ikaisha, amerudi, anakaa karibu na mlango, na nimesikia watu wakisema, "Huyo wa kwa fulani." Alikuwa "kijana wetu." Dada yetu alilipiwa mahari, ng'ombe wakaingia bomani, sherehe tukala sote. Ndoa imeshindikana, amerudi kwa baba yake na watoto wawili, na wale wale waliokula wanauliza kama ng'ombe watarudishwa. Mwimbaji wetu alituinua kila Jumapili, akaanguka. Simtaji. Mnamjua. Nidhamu ya kanisa ilifanyika na ilikuwa haki ifanyike, lakini nidhamu ni ya mtu aliye ndani ya tu. Ukishamwita wa, hiyo si nidhamu tena, ni mawe.

Hata sisi wachungaji. Nikihubiri vizuri naletewa kuku. Nikihubiri vibaya, kuku anabaki kwao salama. Sisemi hivyo ili mniletee kuku.

Sasa mstari wa 20, na hapa ndipo nataka tukae. Paulo amelala nje ya mji, damu, vumbi. Umati umeshaondoka, kazi imeisha. Luka anasema wanafunzi walimzunguka. Hao ni waumini wapya wa Listra, wa juzi juzi tu, na hawajui kama walio na mawe watarudi. Yule kiwete aliyeponywa, Luka hamtaji hapa. Mimi napenda kudhani alikuwepo, kwa sababu sasa alikuwa na miguu ya kumfikisha, lakini hilo ni langu, si la Biblia. Hawakuhubiri. Hawakumuuliza alikosea wapi. Walisimama wakamzunguka, mtu waliyedhani ni maiti, mbele ya mji wote uliomkataa. Ndipo akainuka, akaingia tena mjini. Tena mjini! Kesho yake akaenda Derbe na Barnaba, na mstari wa 21 unasema baadaye walirudi Listra, kuwaimarisha wanafunzi wale wale.

Sura ya 16, Paulo anapita Listra tena na kuna kijana pale anayesifiwa na ndugu, mama yake Myahudi aliyeamini, baba yake Mgiriki. Timotheo. Yule atakayeandikiwa nyaraka mbili na kuitwa mwana. Kama Paulo angesema "hao wa Listra" na kufuta mji huo, Timotheo angechukuliwa na nani?

Wiki hii nataka kila mmoja wetu amtembelee mtu mmoja aliyekuwa wetu na sasa tunamwita wao. Usiende na ushauri. Nenda na sukari, au unga, au mikono mitupu, ukae. Wazee wa kanisa wataenda kwa yule mwimbaji Jumanne jioni, na Mchungaji kiongozi atakuwa pamoja nao. Wanaotaka kuongozana nao waniambie baada ya ibada. Ijumaa kesha ni saa tatu kama kawaida. Tutaomba kwa majina, na tutaomba kama Danieli. Kama kuna mechi siku hiyo, maliza kuangalia, kisha uje.